Ufuo Haupimwi kwa Magunia

Kila Jumamosi ya tatu ya Septemba, siku ya kimataifa ya kusafisha fukwe, magunia hujazwa kuanzia Kigamboni hadi Malindi. Wanafunzi, vikundi vya vijana, wafanyakazi wa mahoteli na maofisa wa serikali huinama juani wakiokota chupa, ndala, vifuniko na vipande vya nyavu. Jioni magunia hupimwa kwa mizani, kilo hutangazwa, picha hupigwa. Ni kazi njema, na asomaye makala haya asidhani naipinga. Ninachokipinga ni kauli iliyoota mizizi pembeni mwa kazi hiyo, ambayo hutolewa kila mtafiti anapoomba fedha za kupima mchanga wenyewe: "Uchafu tunauona kwa macho. Mnataka kupima nini tena? Hizo fedha zikanunue magunia na glavu."

Kauli hiyo ina watetezi wazito. Utaisikia kwa diwani, kwa mfadhili, kwa meneja wa hoteli, na hata kwa wanamazingira waliochoka kuokota taka za watu wengine. Inavutia kwa sababu ina sura ya kauli ya mtu wa vitendo: huku wapo wanaofanya kazi, kule wapo wanaohesabu chembe kwa hadubini. Nasema imekosea, na kadiri tunavyoikubali ndivyo tunavyopoteza miaka ambayo hatutaweza kuirudia.

Tuanze na hilo la kuona. Gunia hubeba kinachoshikika kwa vidole. Lakini ndoo au chupa iliyoachwa ufuoni haikai kama ilivyo. Jua la Pwani, joto la mchanga na msuguano wa mawimbi huikausha na kuipasua, na kipande huzaa vipande. Kazi hiyo huenda haraka zaidi mchangani kuliko baharini, kwa kuwa maji hupoza plastiki na kuikinga na jua, ilhali mchanga huichoma kutwa nzima. Vipande vyenye ukubwa wa chini ya milimita 5 ndivyo wanasayansi wanavyoviita maikroplastiki. Mpaka huo wa milimita 5 ulikubaliwa katika mkutano wao wa mwaka 2008 kule Tacoma, Marekani. Milimita 5 bado inaonekana. Nusu milimita haionekani, maana ina umbo na rangi ya punje ya mchanga. Uzi uliotoka kwenye nguo ya poliesta ni mwembamba kuliko unywele. Ufuo uliookotwa ukabaki mweupe pe, wa kupigia picha za harusi, unaweza kuwa na mamia ya chembe katika kila kilo ya mchanga wake, na hakuna reki wala jicho litakalokuambia.

Na hata kwa taka kubwa zinazoonekana, gunia halijui limebakisha nini. Mwaka 2019 watu waliojitolea walifanya usafishaji mkubwa katika kisiwa cha Aldabra, Ushelisheli, kisiwa kisicho na wakazi ila wahudumu na watafiti wa kituo cha hifadhi. Walitoa tani 25 za plastiki. Kwa hesabu za magunia, huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini watafiti walipima pia zilizosalia kwenye fukwe zote, wakakadiria tani 513. Yaani jasho lote lile liligusa chini ya asilimia 5. Waliojua hilo walijua kwa sababu kulikuwa na mtu aliyepima, na ndiyo maana leo Ushelisheli inaweza kuiambia dunia gharama halisi ya kusafisha uchafu ambao haikuuzalisha: zaidi ya dola milioni 4. Aliyeshika mizani ya magunia peke yake angerudi nyumbani akidhani ameshinda.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana wengi wanaoidharau hawajaiona ikifanyika.

Mpimaji huenda ufuoni maji yamekupwa. Hufuata mstari ambao bamvua imeacha mwani, vijiti na magamba, akaweka fremu ya mraba juu ya mchanga, akachota kwa kijiko cha chuma sentimita 5 za juu na kuzitia kwenye chupa ya kioo. Husogea hatua kadhaa, akarudia. Mwongozo uliotolewa mwaka 2013 kwa nchi za Umoja wa Ulaya unataka sampuli zisizopungua 5 kwa kila ufuo, kwa sababu chembe hazikai sawasawa. Hatua tatu tu zinaweza kutenganisha mchanga mtupu na mchanga uliojaa. Maabarani, mchanga hukaushwa kwa moto mdogo, hupimwa uzito, kisha humiminiwa maji yaliyoshiba chumvi, gramu 360 hivi kwa lita. Ukikoroga na kuacha utulie, mchanga unazama na plastiki nyingi inaelea. Maji ya juu huchujwa. Mabaki ya mwani na vijiti huunguzwa kwa haidrojeni peroksaidi. Kinachobaki juu ya karatasi ya kuchujia hutazamwa chini ya hadubini, na chembe yenye shaka huguswa kwa ncha ya sindano iliyopashwa moto: plastiki hujikunja au kuyeyuka, gamba la kombe halibadiliki.

Kila hatua hapo ina mtego. Chumvi ya bahari yenyewe huwa na chembe za plastiki, kwa hiyo maji ya chumvi lazima yachujwe kabla hayajagusa sampuli. Baadhi ya maabara za nje huyeyusha uchafu wa viumbe kwa asidi. Ukifanya hivyo kwa mchanga mweupe wa Diani au Paje, ambao kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, sampuli yote inachemka povu mbele yako. Na vipande vyeupe vya magamba hufanana na plastiki iliyopauka kiasi cha kumdanganya mtu mwenye uzoefu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba chembe zinazodhaniwa kuwa plastiki kwa kutazamwa tu zinaweza kuwa si plastiki kwa hadi asilimia 70. Ndiyo sababu sehemu ya chembe hupelekwa kwenye mashine ya mwanga wa infraredi, ambayo husoma kemikali ya kila kipande na kusema hii ni polithini, hii ni nailoni, hii ni pamba.

Mtego mkubwa kuliko yote uko kwenye chupa ya maji ya kunywa, hiyo tunayoiona kila mahali. Kifuniko chake ni polipropilini au polithini nzito, plastiki nyepesi kuliko maji. Mwili wake ni PET, ambayo densiti yake ni gramu 1.38 hivi kwa sentimita moja ya ujazo. Maji yaliyoshiba chumvi ya mezani hufika 1.2 tu. Kwa hiyo kifuniko kinaelea na kipande cha chupa kinazama pamoja na mchanga. Mpimaji anayetumia chumvi ya mezani peke yake atahesabu vifuniko na kuzikosa chupa. Atakosa pia sehemu kubwa ya PVC, na nyuzi nyingi za poliesta, ambazo ni PET hiyohiyo iliyosokotwa ikawa nguo. Akitaka kuzipata lazima atumie kimiminika kizito zaidi, kama zinki kloraidi, inayofika zaidi ya 1.5; nayo ni ghali, na ni sumu kwa viumbe wa majini, kwa hiyo haimwagwi, huchujwa na kutumika tena.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa makusudi, maana ndiyo msingi wa hoja ya pili ya wapinzani wangu, na hiyo si hoja ya kubeza. Wenye elimu miongoni mwao husema hivi: tafiti za maikroplastiki mchangani hazilinganishiki. Mmoja anahesabu chembe kwa kilo ya mchanga mkavu, mwingine kwa mita ya mraba, mwingine kwa lita. Mmoja anatumia chekeche ya milimita 1, mwingine ya milimita 0.3, wa tatu anashuka hadi 0.06. Mmoja anachota sentimita 2, mwingine 10. Mmoja anatumia chumvi, mwingine zinki. Matokeo yake ufuo mmoja unaweza kuonekana mchafu mara mia kuliko mwingine kwa sababu tu aliyeupima alikuwa na chekeche nzuri zaidi. Kwa nini basi tutupe fedha kwenye namba za namna hiyo?

Maelezo hayo ni ya kweli. Hitimisho lake ndilo la uongo. Mvuvi mwenye nyavu ya macho makubwa akirudi mtupu hawezi kusema bahari haina dagaa, lakini dawa yake ni kutengeneza nyavu, wala hakuna atakayemshauri aache kuvua. Tofauti za chekeche, za kina na za densiti zinajulikana, zina sababu, na zinaweza kuandikwa. Mwaka 2019 kundi la wataalamu linaloshauri mashirika ya Umoja wa Mataifa kuhusu bahari, GESAMP, lilitoa mwongozo mzima wa kufuatilia plastiki baharini na fukweni, na kiini chake ni hicho: chagua njia, iandike, irudie vilevile. Namba isiyotajwa chekeche yake haifai kutangazwa. Namba iliyotajwa chekeche yake, kina chake, kimiminika chake na tarehe yake ni mali, hata kama kesho atakuja mtu mwenye vifaa bora kuliko vyako.

Hata hicho kina cha sentimita 5 kina mpaka wake, na ni vizuri kuusema wazi. Watafiti wa Brazili walichimba fukwe za Santos hadi mita 2 kwenda chini wakitafuta punje za plastiki ghafi, zile zinazosafirishwa kwenda viwandani kutengenezewa vitu. Katika matokeo yao ya mwaka 2014, tabaka la juu tunalolichota lilikuwa na chini ya asilimia 10 ya punje zote. Kwa hiyo anayepima sentimita 5 asiseme amepima ufuo wote. Amepima ngozi yake. Lakini ngozi hiyohiyo, ikipimwa mahali palepale kwa namna ileile mwaka baada ya mwaka, itaonyesha kama tunapanda au tunashuka. Hatuhitaji kujua kila chembe iliyomo mchangani ili tujue tunakoelekea.

Kuna jambo dogo linaloamua kama maabara ni ya kuaminika, nalo ni hewa. Chumba cha Mombasa au Dar es Salaam mwezi Februari hakikaliki bila feni na madirisha wazi, na hewa hiyo hubeba nyuzi za nguo. Fundi wa maabara anayejua kazi yake huvaa koti la pamba, hufunika vyombo kwa karatasi ya alumini, huzima feni wakati wa kuchuja ingawa jasho linamtiririka, na huweka karibu yake kisahani chenye karatasi safi ya kuchujia kikiwa wazi kwa muda uleule anaofanya kazi. Mwisho anahesabu nyuzi zilizodondoka kwenye kisahani hicho na kuzitoa kwenye hesabu yake. Ripoti isiyo na hesabu ya kisahani hicho naiweka pembeni hata ikiwa imepambwa na michoro ya rangi. Huu ndio uadilifu ninaoutetea, na hauwezi kununuliwa kwa fedha nyingi. Hupatikana kwa mtu aliyefundishwa vizuri na kuachwa afanye kazi yake kwa utulivu.

Namba zikipatikana kwa njia moja, zinafanya nini? Mwaka 2020 Bahati Mayoma na wenzake walichapisha matokeo ya kupima mchanga katika maeneo 18 ya pwani ya Tanzania. Chembe zilikutwa katika maeneo yote. Katika maeneo 17 wastani ulikuwa kati ya 15 na 214 kwa kilo ya mchanga mkavu. Mtoni Kijichi, Dar es Salaam, ulikuwa 2,972. Tazama tofauti hiyo. Mtu akipita kwa miguu anaweza kusema pwani yote imechafuka, akagawa magunia sawasawa kila wilaya. Namba zinasema vingine: lipo eneo ambalo tatizo lake ni la daraja jingine kabisa, lenye bandari, viwanda na mifereji ya jiji, na kulipangia dawa ileile ya ufuo wa hoteli ni kupoteza fedha. Watafiti hao waliwapima na kombe wanaookotwa mchangani, wakakuta chembe ndani yao pia. Nani angeyajua hayo kwa kuokota chupa?

Swali la chanzo ndilo linalowagonganisha watu wetu zaidi. Wapo wanaosema uchafu wote unaletwa na bahari kutoka Asia, sisi ni waathirika tu. Wapo wanaosema wa kulaumiwa ni sisi peke yetu. Peter Ryan wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliamua kusoma chupa zenyewe, maandishi na alama zake, kwenye fukwe za Kenya, na matokeo yake ya mwaka 2020 yanaupa kila upande sehemu yake: karibu na miji chupa nyingi ni za hapahapa, na kwenye fukwe za mbali zinazotazama bahari kuu zipo nyingi zilizovuka bahari kutoka Indonesia na jirani zake. Chupa ina maandishi. Chembe haina. Ili kujua chembe ya mchangani ilitoka wapi lazima uangalie aina ya plastiki, mahali na majira.

Na majira kwetu yana lugha inayoeleweka. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, mawimbi huja kwa nguvu na fukwe nyingi hupoteza mchanga; kaskazi ikiingia, mchanga hurudi. Masika yakifungua mito, Msimbazi humwaga baharini kilichokusanywa na jiji zima la Dar es Salaam. Na Sabaki, unaoingia baharini kaskazini ya Malindi, ni mkia wa Athi na Galana: maji yake huanzia pande za Nairobi, na mto Nairobi hupita kandokando ya dampo la Dandora. Mpimaji akikuta chembe zimeongezeka karibu na mlango wa Sabaki baada ya mvua, hoja inahamia bara, mezani kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga ufuo wa Malindi. Akikuta zimeongezeka wakati wa kusi kwenye ufuo usio na mto wala mji, hoja inavuka bahari. Akikuta punje za plastiki ghafi, atauliza viwanda na meli. Sampuli moja iliyochotwa siku moja ya mwaka haiwezi kusema lolote kati ya hayo, na ndiyo sababu wanaojibu "utafiti ulishafanyika" wamekosea kama wanaosema hauhitajiki.

Wanasema ni anasa ya nchi tajiri. Hebu tuhesabu vifaa: fremu, kijiko cha chuma, chupa za kioo zenye vifuniko vya chuma, chekeche, chumvi, oveni, mizani, karatasi za kuchujia, hadubini ya kufundishia, sindano. Hakuna hata kimoja hapo ambacho chuo cha pwani hakiwezi kuwa nacho. Kilicho ghali ni zinki na mashine ya infraredi, na mashine hiyo haihitajiki kwa kila chembe. Sehemu ya chembe, ikichaguliwa kwa bahati nasibu na kupelekwa chuo kikuu kilicho nayo, inatosha kuonyesha hesabu ya hadubini inapotoka kwa kiasi gani. Kenya ina Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi yenye makao yake Mombasa. Tanzania ina Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar. Wataalamu wapo, wamesoma, na baadhi yao wanapima mchanga kwa fedha za mradi wa miaka miwili mitatu. Mradi ukiisha, chekeche inawekwa kabatini na mfululizo wa namba unakatika. Nchi inayoweza kulipa kila siku mtu wa kupima kina cha maji bandarini inaweza kumlipa mtu wa kupima mchanga wa fukwe zake kila kusi na kila kaskazi.

Kuna hofu nyingine ambayo husemwa kwa sauti ya chini, lakini nadhani ndiyo inayozuia fedha kuliko hoja zote: tukitangaza namba tutafukuza watalii, na akina mama wanaouza kombe na chaza watakosa wateja. Sehemu ya pili ya hofu hiyo inanigusa, kwa sababu ni riziki ya watu wasio na nyingine. Lakini mwenye haki ya kwanza ya kujua kilichomo katika mchanga ni yule anayeinama juu yake kila maji yakipwa, akichimbua chakula cha watoto wake. Kumficha si kumlinda. Sayansi bado inachunguza chembe hizi zinamfanyia nini mwilini anayezila, na mimi sitamtisha mtu kwa ugonjwa ambao haujathibitishwa. Ninachojua ni kwamba siku uchunguzi huo utakapokamilika, mama wa Mtoni na mama wa ufuo wenye chembe 15 kwa kilo watahitaji majibu tofauti, na hakuna atakayeweza kuwapa kama hakuna aliyepima. Ama watalii, fukwe za Ulaya na Marekani zimepimwa na kuchapishwa kwa miaka ishirini sasa, na watu wanaendelea kuzijaza kila majira ya joto.

Nifike kwenye sheria, kwa sababu hapa ndipo kutopima kunapouma zaidi. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, wakati wanasayansi wenyewe walikuwa hawajakubaliana mpaka wa milimita 5; huwezi kuilaumu kwa kutopima. Rwanda ilifuata mwaka 2008. Kenya ilianza tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayofika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Tanzania Bara ilianza tarehe 1 Juni 2019. Ni sheria ninazoziunga mkono kwa moyo wote. Lakini nitajieni ufuo mmoja wa Kenya au Tanzania uliopimwa mchanga wake mwaka kabla ya marufuku, ukapimwa kwa namna ileile mwaka baada yake na kila mwaka tangu hapo. Bila huo, anayetetea sheria hana ushahidi wa mchangani, na mwenye kiwanda anayetaka sheria ilegezwe anasimama mbele ya kamati ya bunge akisema haijaleta mabadiliko yoyote, na hakuna wa kumkanusha kwa namba. Mtu wa magunia anadhani amechagua vitendo badala ya maneno. Katika chumba hicho amechagua maneno matupu dhidi ya wakili.

Ndivyo itakavyokuwa na mkataba wa dunia wa plastiki. Azimio la kuutunga lilipitishwa hapahapa kwetu, Nairobi, Machi 2022. Mazungumzo ya Busan ya mwaka 2024 hayakufikia makubaliano, wala ya Geneva ya Agosti 2025. Utakapopatikana, kila nchi itaulizwa ilianzia wapi. Na hatujui ni lini meli itakayotuletea balaa itapita. Mei 2021 meli ya X-Press Pearl iliwaka moto karibu na Colombo, ikamwaga takriban tani 1,680 za punje za plastiki, na fukwe za Sri Lanka zikafunikwa kama kwa theluji. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru dola bilioni 1 zilipwe kama fidia. Kabla ya hapo, Oktoba 2017, tani 49 za punje hizo zilimwagika katika bandari ya Durban na kusambaa pwani ya Afrika Kusini. Meli za namna hiyo hupita mbele ya Mombasa na Dar es Salaam kila siku. Siku ya kwanza ya ajali kila mtu ataziona punje. Miaka mitano baadaye, zikiwa zimefifia, zimevunjika na kufukiwa, mwenye meli atauliza tunajuaje kwamba hazikuwepo tangu zamani.

Jibu la swali la namna hiyo lilipatikana mara moja katika historia ya fani hii, na namna lilivyopatikana inafaa kusikiwa na kila anayegawa bajeti. Mwaka 2004 Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth na wenzake walichapisha katika jarida la Science ripoti fupi iliyoanzisha uwanja huu wote. Walikuta chembe za plastiki katika mchanga na tope la fukwe za Uingereza. Lakini walitaka kujua kama zinaongezeka, na hilo hawangeweza kulijua kwa mchanga wa siku hiyo. Wakaenda kwenye hazina ya sampuli za planktoni, vijidudu vya baharini, zilizokusanywa na meli zikivuta kifaa maalumu katika njia zilezile. Mpango huo ulianza mwaka 1931 kwa sababu zisizohusiana na plastiki hata kidogo. Sampuli zilikuwa zimehifadhiwa. Wakazifungua za miaka ya 1960, wakazihesabu hadi za miaka ya 1990, na ongezeko likaonekana. Walioziweka hawakujua zitatumika kwa nini, na kama bajeti yao ingepitia kwa mtu wa magunia, zisingekuwepo.

Kwa hiyo ninachodai kinatekelezeka kuanzia kaskazi ijayo. Zichaguliwe fukwe chache katika kila nchi, za mjini na za mbali, zenye mlango wa mto na zisizo nao, na zisibadilishwe. Zipimwe mara mbili kwa mwaka, kusi na kaskazi, na mara moja zaidi baada ya masika pale palipo na mto. Kenya na Tanzania zikubaliane chekeche moja, kina kimoja na kimiminika kimoja, ili namba za Malindi zisomeke Tanga. Kila sampuli ichotwe maradufu: nusu ipimwe, nusu ibaki kwenye chupa ya kioo yenye tarehe na mahali, ghalani, kwa ajili ya watakaokuja na mashine bora kuliko zetu. Fedha zake zitoke kwenye bajeti ya kawaida ya serikali, wala zisisubiri mradi wa mgeni. Na siku ya kusafisha fukwe, kabla gunia la kwanza halijafunguliwa, mpimaji apewe nusu saa achote mchanga wake, kisha arudi mwezi mmoja baadaye achote tena mahali palepale, na namba hizo mbili zisomwe hadharani pamoja na kilo za magunia.